Mrejesho: Yule aliyetaka kuacha kazi Seattle

Wakuu, nimerudi. Mwezi wa tatu niliwauliza kama niache kazi kwenye kampuni kubwa ya teknolojia hapa Seattle: mshahara mnono, ila kila Jumapili jioni tumbo linavurugika nikiiwaza Jumatatu.

Wengi mlisema "sepa". Mmoja tu akauliza, "Viza yako ikoje?" Huyo kaniokoa. Niko kwa H-1B, viza ya kazi ya Marekani inayomtegemea mwajiri: ukiacha kazi unapewa hadi siku 60 upate mwajiri mwingine, ubadili hadhi ya ukaazi, au ufungashe virago. Na barua ya kuacha nilishaiandika, imebaki kubonyeza tu!

Nikatulia. Nikasubiri hisa zangu za Agosti, zile kampuni inazonipa kama sehemu ya malipo, ziingie (kodi ilivyozimega, wacha tu), huku nafanya usaili kwa simu ndani ya gari, ghorofa ya 4 ya maegesho, vioo nimepandisha. Kampuni ndogo ya programu za hospitali ikanichukua. Wakawasilisha kwanza maombi yao ya viza kwa ajili yangu, ndipo nikaaga kule nilikokuwa. Bosi alijibu neno moja: "Sawa." Miaka mitano hiyo.

Mshahara umepungua, sifichi. Ila Jumapili iliyopita nilipika pilau, nikasahau kabisa kwamba kesho yake ni Jumatatu.