Nimetengeneza mnara wa koki ya bia kwa kinu, ila glasi ya kwanza ni povu tupu

BabaNeema_Houston:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla sijalitupa hili dude nje siku ya takataka.

Napika bia mwenyewe nyumbani, huu ni mwaka wa tatu. Kuosha chupa hamsini kila mpiko kulinichosha, nikaamua kuhamia kwenye kegi, yaani pipa la chuma la bia. Nikanunua friji fupi ya mtumba, kegi ya lita 19 (zile ndefu nyembamba ambazo zamani zilikuwa za kampuni za soda), mtungi mdogo wa gesi ya kaboni (CO2), regulata ya kurekebisha presha ya gesi na koki moja ya chuma cha pua. Hadi hapo hakuna shida, ni kununua na kufunga. Kazi ilikuwa kwenye mnara, ile nguzo ya juu ya friji inayoshika koki.

Minara ya dukani ni bomba linalong'aa kama la baa ya uwanja wa ndege, sikuitaka. Nyumbani tulikuwa na kinu. Mke wangu alikipata kwa dada mmoja Mghana aliyekuwa anahama, yeye alikuwa anatwangia fufu. Mti mzito, kimo kama sentimita 50. Kwetu kilitwanga kisamvu mara mbili, halafu tukarudi kwenye blenda. Nikakigeuza mdomo chini juu ya friji, kikakaa kama kimezaliwa hapo. Nikatoboa paa la friji, nikatoboa ubavu wa kinu karibu na kitako, nikapitisha mpira wa bia kwa ndani na kufunga koki mbele. Kile kipande chenye uzi kinachoshika koki ilibidi ninunue kirefu, cha kawaida kilimezwa na mbao.

Sasa tatizo. Nikifungua, glasi ya kwanza robo tatu ni povu. Ya pili nusu. Ya tatu safi kabisa, unaweza kuipiga picha. Nikikaa nusu saa nikarudi, tunaanza upya. Presha ilikuwa psi 12, friji inasoma nyuzi 3, mpira una urefu wa futi 5. Nikashusha presha hadi 5, povu halikuondoka, na baada ya wiki bia yenyewe ikapooza, haina hata chenga ya gesi. Friji iko gereji, na gereji ya Houston mchana wa Agosti inafika nyuzi 36. Nimekosea wapi?

Fundi_Barafu:
Mdogo wangu, kabla ya povu, mshukuru Mungu wako. Ulitoboaje paa la friji? Nyingi za hizi ndogo za siku hizi zina R600a, na hiyo ni gesi inayowaka, ukoo mmoja na ile ya kupikia. Bomba zake zimelazwa ndani ya kuta, nyuma ya bati, huzioni. Nililetewa moja hapa Buguruni, kijana alitaka kupitisha waya wa taa ubavuni. Alisikia "tsss" tu. Friji ikawa kabati la viatu.

Kwa wengine watakaosoma hapa: usianzie juu na drili. Anzia ndani. Kata plastiki kwa kisu, chimbua ile sponji taratibu kwa kidole hadi ufike kwenye bati. Ukikuta bomba, unaliona, unatoboa pembeni yake. Na kama ni friza la kulala, kuta zake usiziguse kabisa, zimejaa bomba pande zote. Hilo unatengeneza fremu ya mbao, unaikalisha kati ya boksi na mfuniko, koki unatoboa kwenye mbao.

Povu sio fani yangu.

KaratinaFinest:
Buda, hiyo kinu nimeipenda bana. Mimi nimeuza keg miaka sita huku kwetu, tangu enzi watu wanakunywa Senator na jagi ya plastiki. Niulize kwanza: unafungua koki aje? Kuna watu wanaifungua nusu wakidhani wanapunguza foamu. Hapo ndio unaiongeza, bia inapita kwa kijitundu kidogo ikirushwa rushwa. Ivute yote mara moja, glasi imelala, ikikaribia kujaa unaisimamisha. Na glasi ikiwa na mafuta ya sabuni utalia.

BabaNeema_Houston:
@Fundi_Barafu nilitoboa kutoka juu, drili moja kwa moja. Nimesoma ujumbe wako nikiwa nimesimama mbele ya friji, nikaketi.
@KaratinaFinest naivuta yote. Glasi naisuuza kwa maji baridi.

Mama_Shayiri:
Jibu umeliandika mwenyewe: ya tatu safi. Ingekuwa presha, ya tatu nayo ingekuwa povu. Ingekuwa glasi chafu, kadhalika. Kinachobadilika kati ya glasi ya kwanza na ya tatu ni joto la mnara, basi.

Nafunga mitambo ya bia kwenye hoteli na lodge huku Arusha, na hili nimelikuta mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kuna hoteli walinunua mnara mrefu wa kuvutia, wakauweka kaunta ya nje inayopigwa na jua la saa nane. Meneja alibadilisha kegi nne akidai bia ni mbovu. Nikamwambia ashike shingo ya koki. Ilikuwa moto kama kikombe cha chai.

Bia iliyolala ndani ya kinu chako ni kama vijiko viwili vya chai, haizidi. Lakini ikipata joto, gesi inaikimbia, na mpira pamoja na koki yenyewe vina joto, kwa hiyo hata bia ya baridi inayofuata ikigusa pale inalipuka. Ukishamwaga glasi mbili umeupoza mnara kwa bia. Ni njia ghali ya kupoza mnara.

Rudisha presha 12. Kwa nyuzi 3 hiyo ndiyo inayoipa bia ya kawaida gesi yake. Ulipoweka 5 bia ilianza kuachia gesi ndani ya kegi, na ndani ya mpira pia, ndiyo maana ulipata povu na bia iliyopooza kwa pamoja. Iache kama wiki moja na nusu, itarudi. Usiitikise.

Mpira wa futi 5 ni mfupi kwa presha hiyo. Weka 10, ule mwembamba wa kipenyo cha ndani inchi 3/16. Mpira ndiyo breki. Uuzungushe juu ya kegi ndani ya friji, usiurundike ndani ya kinu.

Halafu feni. Ile ndogo ya kompyuta, volti 12, tumia chaja ya modemu iliyokufa. Ifunge kwenye kijiboksi ndani ya friji isukume baridi kwenye mpira wa inchi moja unaopanda hadi nyuma kabisa ya koki. Sio katikati ya kinu, nyuma ya koki. Hewa lazima iwe na njia ya kurudi chini, la sivyo feni inazunguka bure. Tundu lako la friji ni kubwa kiasi gani?

BabaNeema_Houston:
Inchi moja na robo. Najua mnachotaka kuniambia.

Fundi_Barafu:
Safari hii kidole kwanza, drili baadaye. Chomoa friji ukutani, na toa kegi.

Mama_Shayiri:
Panua hadi inchi tatu. Na tumbo la kinu ni pana, usipoze hewa usiyoihitaji: jaza sponji pembeni, acha njia ya mpira wa bia na ya hewa tu. Ndani paka epoksi, mbao ikipata unyevu kila siku itaota ukungu. Mdomo wa kinu uweke juu ya raba, Houston kuna unyevu kama Tanga, hewa ya nje ikiingia utapata maji yanatiririka mlangoni.

Mndengereko_Mzee:
Mimi sinywi, nimepita tu. Bibi yangu alitukataza hata kukalia kinu. Wewe umekigeuza kichwa chini na kukitoboa. Endeleeni.

Kibosho1:
Swali la pembeni: mbege inaweza kupita humo?

Mama_Shayiri:
Usijaribu. Ulezi utaziba mpira siku hiyohiyo, na mbege haijaacha kuchachuka, itajaza gesi ndani ya kegi iliyofungwa. Mbege ina kata yake.

BabaNeema_Houston:
Mrejesho, wakuu. Jumamosi nzima. Nilichimbua sponji kwa kidole kama alivyosema fundi, na sentimita mbili kutoka tundu langu la kwanza nikakuta bomba la shaba, jembamba kama njiti ya kalamu. Sentimita mbili. Nilimwita mke wangu aje alione, akaliangalia, akaniangalia mimi, akarudi ndani.

Nimepanua kuelekea upande wa pili. Feni imefungwa kwenye kopo la siagi ya karanga, mpira futi 10, sponji, epoksi, raba. Kabla ya feni kipimajoto nyuma ya koki kilisoma 24. Baada ya saa mbili na feni, 6. Presha nimerudisha 12 nikasubiri siku kumi.

Jana jioni nimefungua: glasi ya kwanza, povu vidole viwili. Nikasubiri saa nzima makusudi nikijifanya nafagia gereji. Vidole viwili tena. @Mama_Shayiri ungekuwa karibu ningekuletea kegi nzima.

Limebaki moja. Mama mkwe anafika Desemba kutoka Morogoro, na jana kwenye simu amemwambia mke wangu asihangaike kununua kisamvu cha kopo, atakuja na majani makavu, tena amefurahi kusikia tuna kinu. Kuna mtu anajua wapi Houston naweza kupata kingine, kimo sentimita 50, kisicho na tundu ubavuni?