Gari la umeme la bei ya IST kwa mtu wa Arusha au Moshi: mliolimiliki, tupeane uzoefu

Mleta mada, Usa River

Wakuu, habari za mihangaiko. Wakubwa shikamooni.

IST yangu, ile Toyota ndogo ya petroli, imeanza kula oili, na fundi ameniambia nijiandae kufungua injini. Nikawaza, badala ya kuifungua niiuze, niongezee pesa kidogo nichukue Nissan Leaf iliyotumika Japani. Rafiki yangu wa Tengeru alinipa la kwake nikalizungusha nusu saa. Lile gari linaondoka kimya kama maji ya mfereji, na wiki nzima sijalala vizuri kwa kulifikiria.

Mizunguko yangu ni hii. Nyumbani hadi mjini na kurudi, ukijumlisha kupitia shuleni kwa watoto, ni kama kilomita 50 kwa siku. Mara moja kwa mwezi naenda kwa mama Machame, kama kilomita 60 kwenda tu, na Desemba ndiyo hakuna kukosa. Nyumba ni yangu, LUKU ni yangu. Nisichokuwa nacho ni pesa ya kununua betri nyingine hili likinifia mkononi.

Muuzaji ananiambia linatembea kilomita 200. Nimefuatilia. Leaf za mwanzo, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa 2010 zikiwa na betri ya uniti 24 (uniti zilezile za LUKU), kwa kipimo cha Japani zilipewa kilomita 200. Marekani wakalipima gari hilohilo wakapata maili 73, yaani kama 117, tena likiwa jipya kabisa. Toleo la uniti 40 lililokuja 2017 Japani wanasema 400, Marekani kama 243. Mimi nimeamua kuamini namba ndogo.

Mnaolimiliki, au mliolimiliki mkaliuza, naomba mseme ukweli wote, mazuri na machungu. Si mambo ya kusikia.

Dada wa Moshono

Kaka, mimi nina la 2014, uniti 24, na huu ni mwaka wa pili. Linashuka mjini asubuhi, linapita Njiro, jioni linapanda kulala kwenye plagi. Sijajuta hata siku moja, ila wiki ya kwanza nusura niunguze nyumba na ndiyo maana naandika.

Nililichajia kwenye ekstensheni ya kawaida niliyoipitisha dirishani. Saa tano usiku mwanangu akaja chumbani, mama kuna harufu. Nikakuta plagi imeganda ndani ya soketi, haitoki, pini moja imegeuka kahawia na ukutani pana doa jeusi la upana wa kiganja. Chaja ile inavuta ampea 10, na haivuti dakika tano kama pasi, inavuta saa nane hadi kumi bila kupumzika. Soketi ya kawaida iliyolegea haivumilii. Fundi umeme akaja akanitolea laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka: waya wa milimita 4, breka yake, soketi imara ya nje.

Tukachomeka, chaja ikawaka taa nyekundu, ikagoma. Kumbe nyumba yote haikuwa na ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Miaka yote tunaishi humo hatujui! Chaja za magari haya zikikosa ethi hazitoi umeme. Akachimbia fimbo ya shaba nyuma ya jiko, akaizungushia mkaa na chumvi. Kiangazi udongo ukikauka ile taa nyekundu hurudi, basi namwaga ndoo mbili pale kwenye fimbo, nasubiri, inakuwa kijani.

Na hili watu wa Arusha mlisikilize. Mwezi wa sita na wa saba hakuna anayeoga maji baridi huku. Hita ya bafuni, jiko la umeme na gari vikikutana, breka kubwa inajikata na nyumba nzima inakuwa giza. Nimelitegesha gari lianze kuchaji saa nne usiku, lina saa yake ya ndani ya kupangia.

Tumbo lake pia liko chini, na betri ndiyo iko humo chini. Barabara yetu ya ndani ikishanyeshewa nalipitisha kama nimebeba mayai.

Kaka wa Pasua, Moshi

Mleta mada, mimi ndiye niliyeuza. Nisome kwa makini kwa sababu safari zako zinafanana na zangu.

Niliuziwa gari lenye vipande vyote 12 vya kuonyesha afya ya betri kwenye dashibodi. Gari safi, viti kama vipya. Wiki tatu baadaye vikawa 10, mwezi wa pili 8. Nilipolipeleka kwa mtu anayeyajua akanieleza kuwa kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu, ikasahau uchovu wake, ikaonyesha 12 mpaka itakapojipima upya. Aliyeniuzia aliacha kupokea simu. Iliniuma sana, zile zilikuwa pesa za kiinua mgongo cha marehemu baba.

Siku iliyonimaliza nilikuwa natoka Moshi kwenda Arusha na mke wangu na mtoto mchanga. Moshi iko kama mita 800 na kitu, Arusha karibu 1,400, kwa hiyo ukielekea Arusha kwa ujumla unapanda hata kama macho hayaoni kilima. Nilitoka na asilimia mia. Boma Ng'ombe sikuwa na wasiwasi, nikawa natembea 90 kama wenzangu. Baada ya njiapanda ya uwanja wa ndege wa KIA namba zikaanza kuporomoka. Nikazima feni, nikashusha hadi 60, maroli yananipigia honi. Karibu na Kikatiti dashibodini ikawaka taa ya njano yenye picha ya kobe. Hiyo maana yake gari limejipunguzia nguvu lenyewe. Unakanyaga, linatambaa. Mke wangu hakusema neno, alikuwa amemshika mtoto tu.

Nililisukumia kwenye duka la mama mmoja. Nikamnunulia umeme wa elfu tano, akaniruhusu kuchomeka. Tulikaa pale saa nne, akatupikia uji. Tulifika Arusha usiku.

Sisemi gari la umeme ni baya. Kwa mizunguko ya Pasua, Majengo na KCMC lilinitosha hadi siku naliuza. Lakini mtu akikuonyesha vipande, usivitazame.

Fundi umeme wa magari, Arusha

Pole sana ndugu yangu wa Pasua, hilo nimeliona kwa zaidi ya mteja mmoja.

Vipande vya Leaf havishuki sawasawa. Cha kwanza kinazimika betri ikiwa imepoteza kama asilimia 15, vinavyofuata kila baada ya kama 6. Kwa hiyo vipande 9 ni betri iliyobaki na kama asilimia 70. Nunua kile kifaa kidogo cha OBD cha bluututhi, cha kusoma kompyuta ya gari, weka programu ya LeafSpy kwenye simu, usome afya ya betri kwa asilimia na uangalie kama kuna seli moja iliyolegea kuliko wenzake. Halafu, kwa sababu hata namba hizo zinaweza kuwa zimefutwa, lijaze hadi mia uliendeshe njia unayoijua hadi ibaki 20. Muuzaji akikataa, ondoka.

Betri ya Leaf haina maji ya kuipooza, inategemea hewa tu. Joto ndilo linaloizeesha. Kwa hilo baridi ya Arusha ni rafiki yako. Moshi kiangazi, Januari hadi Machi, usiliache limejaa mia juani siku nzima.

Mteja mmoja alilipia gari la kuvuta kutoka Ngaramtoni akijua betri kubwa imekufa. Lilikuwa na chaji asilimia 80! Kilichokufa ni betri ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote. Hiyo isipowasha kompyuta, ile kubwa haifunguki. Tuliistua kwa waya za kawaida, likawaka.

Matengenezo ni machache kweli. Hakuna oili ya injini, plagi za injini wala mkanda. Breki zinadumu kwa sababu mota yenyewe inapunguza mwendo. Matairi yanaisha mapema kidogo, gari ni zito. Lakini zile nyaya za rangi ya chungwa asiziguse fundi wa mtaani. Kuna plagi ya kukatia umeme wa betri kubwa, iko sakafuni mbele ya kiti cha nyuma. Fundi asiyeijua ilipo, usimwachie gari. Na wale vijana wa kuosha magari, wasipige maji ya presha chini ya boneti.

Maandishi ya skrini yatakuwa ya Kijapani. Utayazoea.

Mzee wa Kibosho

Marahaba wanangu. Mimi ni mstaafu, nakaa juu huku, nashuka Moshi mjini mara tatu kwa wiki. Ni kama kilomita 12.

Kushuka silipi kitu. Mota inageuka jenereta, nafika mnara wa saa na chaji ileile niliyotoka nayo nyumbani. Kupanda ndiko kunakula, robo nzima ya betri kwa hizo kilomita 12. Jambo ambalo hakuna aliyenieleza ni kwamba ukitoka juu huku na betri iliyojaa mia, ule umeme wa kushukia hauna pa kwenda, gari haliwezi kujizuia kama ulivyozoea na breki za miguu ndizo zinazofanya kazi yote. Mara ya kwanza nilishtuka pale kwenye kona. Siku hizi nalichaji hadi 80 tu.

Nina sola juu ya banda la ng'ombe, nachomeka mchana. Mwezi wa saba mawingu yakikaa mlimani siku nne mfululizo, narudi kwenye LUKU kama wengine.

Dereva wa watalii, Njiro

Kazini kwetu umeme si mgeni, magari ya safari ya umeme Arusha yapo tangu 2018, Land Cruiser zilizotolewa injini zikawekwa mota. Porini ni raha, mwendo wa Serengeti mwisho ni 50 na tembo hashtuki. Lakini yale yanalala kambini penye chaji yake. Kwa familia nilichukua Toyota Aqua haibridi, yenye injini ya petroli na mota pamoja, kwa sababu napanga chumba na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya soketi ya nje. Ukiwa mpangaji fikiria hilo kwanza.

Mleta mada, Usa River

Nawashukuru sana. Kaka wa Pasua, nimemsomea mke wangu habari yako yote, akaniuliza, na sisi kwa bibi Machame tutafikaje?

Nimekaa na daftari. Kilomita 50 kwa siku 24 ni 1,200 kwa mwezi. Nikikadiria uniti 15 kwa kilomita 100 na nikaongeza zinazopotea wakati wa kuchaji, ni kama uniti 205. Kwa tarifu 1, ile ya matumizi ya kawaida ya umeme, yenye makato yote kama shilingi 356 kwa uniti, ni kama elfu 73. IST ikienda kilomita 14 kwa lita, na lita nikiiweka 3,000, ni elfu 257. Ila sisi nyumbani tuko tarifu 4, ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, tunatumia kama uniti 70 kwa 122 kila moja. Gari likiingia tutavuka 75 kila mwezi na kuhamishwa, kwa hiyo hata umeme wa taa na friji utapanda kama elfu 16. Bado linabaki tofauti kubwa, lakini hiyo elfu 16 muuzaji hakunitajia.

Kodi nitaipiga kwenye kikokotoo cha TRA kwa mwaka halisi wa gari, maana likishavuka miaka 8 kuna ya uchakavu juu yake.

Machame ndiyo iliyonisumbua. Kutoka barabara kuu hadi kwa mama ni kupanda kama mita 600. Gari likiwa na sisi watano ndani, kulinyanyua tu kiasi hicho ni karibu uniti tatu, mbali na kilomita zenyewe. La uniti 24 lenye vipande 9 lina uniti kama 15 za kutumia. Nikitoka Usa River nitafika getini kwa mama na kobe dashibodini, au sitafika. La uniti 30 lenye betri nzima linafika, nalilaza pale, narudi kesho yake nikiteremka. Nyumba ya mama ni ya zamani, kwa hiyo kabla ya Desemba fimbo ya ethi inachimbiwa kule pia, hata gari lisipopatikana. Baada ya maneno ya dada wa Moshono siwezi kumwacha akae hivyo.

Kwa hiyo la uniti 24 nimeachana nalo. Kuna la uniti 30 la 2016 hapa mjini, mwenye nalo amekubali tulijaze mia na kulitembeza. Jumamosi fundi na mimi tunatoka nalo Usa River hadi Boma Ng'ombe na kurudi, tukiwa watu wanne na viroba viwili vya mahindi nyuma. Nitaandika hapahapa tulitoka na ngapi na tumerudi na ngapi.