Tupeane uzoefu: bwawa la kuogelea la nyumbani Dodoma, dawa za maji na viumbe wanaokuja kunywa

Mleta mada, Njedengwa

Wadau, nawasalimu. Tulijaza bwawa letu la nyumbani mwaka 2021, na tangu hapo nimeelewa kwamba katika mji huu bwawa la kuogelea halitofautiani sana na lambo. Mvua zikikatika mwezi wa nne au wa tano hazirudi mpaka Novemba au Desemba. Makorongo yanakauka, madimbwi yanakauka, na kila kiumbe mwenye kiu mtaani hukumbuka kwamba kwako kuna lita 45,000 zilizo wazi. Naomba kila mwenye bwawa, kuanzia Dodoma hadi Singida, aeleze yaliyomkuta, hasa namna anavyosawazisha dawa za maji huku wageni hao wakiingia na kutoka.

Nianze na yangu. Septemba ya kwanza maji yalipungua kwa kasi iliyotufanya tuamini kwamba sakafu imepasuka, na fundi alikuwa amekwisha kutupatia makadirio ya kubomoa vigae. Jirani yangu, mzee mmoja mstaafu, alinishauri nijaze ndoo kwa maji ya bwawa, niisimamishe kwenye ngazi ya kwanza ndani ya maji, kisha niweke alama ya kina ndani ya ndoo na nje yake. Baada ya siku mbili maji yalikuwa yameshuka sawasawa pande zote mbili, takribani sentimita moja, maana yake bwawa halikuvuja hata tone; lilikuwa jua na upepo wa Dodoma tu. Kwa bwawa la mita 8 kwa 4, sentimita hiyo moja ni lita 320. Kinachopaa ni maji matupu, chokaa na chumvi hubaki, nasi tunafidia kwa maji ya bomba ambayo kwa sehemu kubwa hutoka katika visima vya Makutupora, na ambayo kila aliyewahi kukwangua birika lake hapa anajua yalivyo magumu. Kufikia Oktoba vigae vilikuwa na mkanda mweupe, pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wa maji, ilikuwa 8.2, na maji yalikuwa ya kijani ingawa fundi alimwaga klorini kila jioni. Hapo ndipo nyuki nao walipofika. Ninyi mnafanyaje?

Mdau wa Ilazo

Mleta mada, kosa la fundi wako nililifanya mimi kwa miaka miwili. Klorini haifanyi kazi kwa wingi wake tu, bali hutegemea pH. Katika pH ya 7.5 karibu nusu ya klorini iliyomo majini huwa katika hali yake kali inayoua vijidudu. pH ikifika 8 hubaki takribani robo, kwa hiyo unanunua ndoo nne ili ufaidi moja. Isitoshe, unga wa klorini tunaouziwa mara nyingi ni ule wenye kalsiamu, na kila kijiko kinaongeza ugumu juu ya ugumu. Karatasi ya maelekezo niliyopewa na muuzaji ilinitaka niongeze unga wa soda ili alkali ya maji ifike kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita, kumbe maji yangu yalikuwa yamepita 200 kabla sijagusa chochote. Karatasi ile iliandikwa kwa ajili ya maji laini ya nchi nyingine.

Niliacha soda kabisa, nikageukia asidi ya hidrokloriki. Ninatia nusu lita jioni, pampu ikiwa inazunguka, nikiwa nimeimimina kwanza kwenye ndoo yenye maji. Asidi ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, kwa sababu huchemka na kurukia usoni. Kesho yake ninapima, na nikiona bado ninarudia. Alkali ilishuka taratibu kwa muda wa wiki tano, na tangu hapo pH haipandi tena ovyo. Klorini ninaiweka kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na kwa kiwango hicho maji yanameta.

Mdau wa Iyumbu

Nitazungumzia nyuki, kwa sababu wamenitesa kuliko kitu kingine chochote. Mwaka wa kwanza walianza kuja mwezi wa nane, kumi au kumi na watano, wakanywa kwenye ukingo wa vigae na kuondoka. Sikujali. Mwezi wa tisa walikuwa mamia, walioangukia majini wakielea kila asubuhi, na mwanangu mdogo akadungwa mguuni kwa kumkanyaga nyuki aliyekuwa anakufa kwenye ngazi. Kijana anayetusafishia bwawa alitaka kupuliza dawa ya wadudu jioni. Nilikataa, kwanza kwa sababu dawa hiyo ingeishia ndani ya maji tunayoogelea, na pili kwa sababu upande wa pili wa ukuta kuna babu aliyetundika mizinga kwenye mbuyu wake tangu kabla sisi hatujajua kama Iyumbu ina viwanja. Mgeni hapo ni mimi, si nyuki.

Nilipokwenda kumwona babu huyo ili nijieleze, alicheka sana, kisha akanifundisha jambo ambalo sikuwa nimelisoma popote. Nyuki akishazoea mahali pa kunywa huwaongoza wenzake, nao hurudi hapo hapo kila siku hata kama pana maji mazuri zaidi hatua ishirini pembeni. Kwa hiyo huwezi kuwafukuza, unaweza kuwahamisha tu. Nilichukua karai pana, nikalijaza kokoto na vipande vya gunia ili wapate pa kusimama wasizame, nikatia maji yenye chumvi kidogo sana, nikaliweka kwenye ukingo ule ule waliouzoea. Wakati huo huo nilifunika bwawa kwa turubai kuanzia alfajiri hadi saa nne, saa ambazo wengi wao walikuwa wanakuja. Karai lilipopata wateja nilianza kulisogeza hatua tatu au nne kila siku kuelekea ukutani, na baada ya wiki mbili hivi lilikuwa chini ya kivuli upande wa mbuyu, nao wamelifuata.

Nina tahadhari moja. Nilisafiri siku tatu kwenda Mpwapwa, msichana wa kazi akasahau kujaza karai, na niliporudi nyuki wote walikuwa bwawani, nikaanza upya. Siku hizi ninaweka karai mwezi wa sita, kabla kiu haijawabana, na sijawahi tena kulihamisha.

Mdau wa Kisasa

Kwangu tatizo ni vyura, nao huja na mvua za kwanza za Desemba. Mwaka jana tulikwenda nyumbani kwa sikukuu tukiwa tumezima pampu, na tuliporudi tulikuta kamba ndefu za mayai meusi zimezunguka ngazi kama shanga. Chura hatagi kwenye maji yenye klorini ya kutosha na akafanikiwa. Mayai yale yalikuwa cheti cha uzembe wangu. Wanaoingia usiku na kushindwa kutoka hufa, kwani ngozi yao hufyonza kila kilichomo majini, kwa hiyo nimefunga kipande cha ubao kimoja kila pembe, nusu ndani ya maji na nusu kwenye ukingo, nao hupanda wenyewe. Nimezima pia taa ya bwawa usiku. Taa huita kumbikumbi, na kumbikumbi huita vyura.

Mdau wa Mkonze

Ndugu wa Kisasa, ongezea kwamba vyura huita nyoka. Chujio la pembeni mwa bwawa, lile lenye kifuniko ambamo majani hukusanyika, lina giza na unyevu, na ndani yake chura hakosekani. Nilifunua kifuniko hicho kwa mkono asubuhi moja ya Februari nikakutana uso kwa uso na swila. Namshukuru Mungu kwamba alielekea chini badala ya kuinuka, kwa maana swila wa aina ile hutema sumu kwa umbali unaozidi mita mbili, naye hulenga macho. Tangu siku hiyo mtu wa nyumbani kwangu hafunui kitu bila miwani na bila fimbo yenye ndoano, akisimama pembeni. Ikitokea sumu ikaingia machoni, mwoshe mtu huyo kwa maji mengi safi papo hapo na kwa muda mrefu, kisha mpeleke hospitali; msisugue, na msipoteze muda kutafuta maziwa. Sisi hatukumuua. Tulifungua kifuniko, tukaondoa mbwa, tukapiga simu kwa ofisa wa wanyamapori, na kabla hajafika nyoka alikuwa ameshaondoka zake.

Mdau wa Manyoni

Ninasimamia nyumba ndogo ya wageni, na bwawa letu hutembelewa na tumbili. Wanapokunywa hawana shida. Shida ni kwamba hujisaidia ukingoni na mara nyingine majini. Utaratibu wetu ni kuwatoa wageni wote, kuokota kinyesi kwa wavu na kukitupa mbali, kupima, na kuhakikisha klorini haipungui miligramu 2 kwa lita na pH haizidi 7.5 kwa muda wa nusu saa kabla ya kuruhusu mtu kuingia. Wavu nao unabaki humo humo majini kwa muda huo ili uoshwe. Utaratibu huo huo tunautumia tukikuta ndege au panya aliyekufa, ila hapo tunavaa glavu.

Kilichonitisha zaidi lakini hakikuwa mnyama. Tumbili walipasua mfuko wa vidonge vya klorini uliokuwa barazani, na kijana wetu, kwa nia njema, akavikusanya kwa kata iliyokuwa na mabaki ya unga wa klorini akavitia kwenye ndoo ya unga huo. Muda si mrefu ndoo ilianza kutoa moshi wa kukaba koo. Tulikimbia upande upepo unakotoka, na hakuna aliyeumia. Vidonge na unga, ingawa vyote tunaviita klorini, ni kemikali mbili zinazogombana zikikutana zikiwa kavu au zikiwa na unyevu kidogo. Sasa vinakaa vyumba viwili tofauti, kila kimoja na kata yake, na milango inafungwa kwa kufuli.

Mdau wa Area D

Kaka wa Manyoni ametaja vidonge, nami niongeze kwamba vina kiambata kinachoikinga klorini isiliwe na jua. Bila kinga hiyo jua letu la mchana huimaliza klorini kwa saa chache. Hata hivyo kinga haipai wala haitumiki, na kila kidonge huongeza nyingine. Nilitumia vidonge peke yake kwa miaka mitatu, na nilipopima kinga ilikuwa imepita miligramu 150 kwa lita wakati inayotakiwa ni kati ya 30 na 50. Kinga ikizidi huidhoofisha klorini, ndiyo maana ilisoma vizuri kwenye kipimo huku mwani ukistawi ukutani. Dawa pekee ni kumwaga sehemu ya maji, jambo linaloumiza moyo mahali ambapo maji huja kwa mgawo. Nilisubiri Januari, mvua ikanijazia bure. Maji niliyotoa niliyamwaga barabarani kuzuia vumbi. Zabibu zangu sikuthubutu kuzinywesha chumvi ile.

Mleta mada, Njedengwa

Nimeacha soda, na asidi nimekwisha kuitia mara nne. Jana jioni pH ilikuwa 7.6, na ninaona sakafu kwa mara ya kwanza tangu Agosti. Dada wa Iyumbu, karai lipo ukingoni kwa siku ya sita, asubuhi hii nimehesabu nyuki zaidi ya thelathini juu ya gunia na saba tu kwenye vigae. Je, nianze kulisogeza sasa, au nisubiri hao saba nao wahame?

Mdau wa Iyumbu

Subiri siku mbili. Halafu usogeze hatua moja tu, si tatu kama nilivyofanya mimi, kwa sababu ukuta wako uko mbali na una muda mpaka mvua.