Basi la watalii London limetupeleka Windsor siku ambayo kasri limefungwa, na pesa hawarudishi

Wakuu, habari zenu. Uzi ni mrefu na una povu, asiye na muda apite kwa amani.

Kwanza mjue anayelalamika ni nani. Mimi naongoza watalii hapa Arusha. Niliyesafiri naye ni rafiki yangu wa Nyeri anayefanya kazi hiyohiyo upande wa Aberdare na Mlima Kenya. Kwa hiyo hatukwenda Uingereza kama watu wasiojua safari ya siku moja inapangwaje. Viingilio tunavijua, foleni tunazijua, na tunajua kwamba mgeni akishalipa, kero za njiani ni zako wewe uliyechukua pesa. Ndiyo maana nina hasira kuliko mtalii wa kawaida.

Tulikata tiketi za basi la kutoka London: Windsor, Stonehenge (yale mawe ya kale yaliyosimamishwa kwa duara) na Bath, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Bei ilipita pauni mia kwa kichwa, pigeni wenyewe hesabu ya shilingi. Picha kubwa kwenye tangazo lao ni kasri la Windsor, limejaa skrini nzima. Kalenda yao ikatuonyesha Jumanne kuna nafasi, tukachagua Jumanne, wakapokea pesa papo hapo.

Sasa sikilizeni. Kasri la Windsor halipokei wageni Jumanne wala Jumatano. Hapakuwa na dharura wala ugeni wa mfalme. Hiyo ndiyo ratiba ya kawaida, wenye kasri wameitangaza kwenye tovuti yao. Kampuni hii inapeleka mabasi pale wiki nenda wiki rudi. Dereva anajua, mwongozaji anajua, na aliyeiacha Jumanne wazi kwenye ile kalenda anajua. Asiyejua ni abiria peke yake, naye anaambiwa akiwa ameshafunga mkanda, basi liko barabara kuu, tena kwa sauti ya bashasha kwenye kipaza sauti: leo tutaliona kasri kwa nje, na picha za nje ndizo hutoka vizuri!

Ni sawa na mimi nimpeleke mgeni mpaka geti la Loduare, nimwonyeshe bango la Ngorongoro, nimpige picha, halafu nigeuze gari nimwambie kreta ameshaiona. Usiku huohuo jina langu lingekuwa limechafuka mtandaoni, na wakala aliyeniletea mgeni asingepokea simu yangu tena.

Najua kuna watakaosema ningeangalia mwenyewe siku za kufungua. Mgeni wangu akitoka Ujerumani haangalii geti linafungwa saa ngapi. Ananilipa mimi niangalie. Kama kazi hiyo nafanya mwenyewe, hao nimewalipa ya nini?

Lakini kilichoniuma zaidi ni mwenzangu. Miaka yote yeye anawasimulia wageni habari za Treetops, ile hoteli ya juu ya mti: Februari 1952, Elizabeth yuko juu ya mti kule Aberdare anatazama wanyama, baba yake anafariki Uingereza, na binti anakuja kupewa taarifa akiwa Sagana, tayari ni malkia na hajijui. Huyo malkia amezikwa palepale Windsor, ndani ya kanisa la Mtakatifu George, tangu Septemba 2022. Jamaa alitaka kitu kimoja tu katika safari nzima: afike kaburini, ili siku nyingine akiisimulia ile hadithi awe ameuona na mwisho wake. Msidhani ni mapenzi ya ufalme. Babu yake aliwekwa kizuizini wakati wa Mau Mau, na ukimuuliza habari za ufalme utapewa somo refu. Alitaka kaburi kwa sababu ni kazi yake.

Akaishia chini ya sanamu ya Malkia Victoria, ile iliyosimamishwa 1887 hapo nje kwenye kilima, ameshika aiskrimu inayoyeyuka na kumtiririkia kwenye mkono wa koti. Mlango wa wageni uko hatua chache juu, umefungwa. Nikamwambia twende tukamkabili mwongozaji. "Wachana nao bana, siku bado mbichi." Mimi ni Mpare, na Wapare mnatujua kwa kesi. Sikuachana nao.

Mwongozaji akanijibu huku anatabasamu kwamba viingilio vya Windsor havimo kwenye bei, kwa hiyo hatujapoteza kitu. Hatujapoteza kitu! Yaani mtu anakuuzia safari kwa picha ya kasri, anakufikisha limefungwa, halafu anakupigia hesabu kwamba umeokoa hela ya kiingilio.

Stonehenge kiingilio kilikuwemo, nawapa haki yao. Basi linaegesha kwenye kituo cha wageni, na mawe yenyewe yako zaidi ya kilomita 2 kutoka hapo. Unapanda basi dogo la pale au unatembea. Sasa ukimpa mtu saa moja na dakika chache, ndani yake kuna foleni ya basi dogo kwenda, foleni ya kurudi na foleni ya choo (choo cha basi letu kilikuwa kimefungwa, wamebandika karatasi), mtu huyo anabaki na muda gani wa kutazama mawe? Tulizunguka ile njia iliyozungushiwa kamba karibu kwa mwendo wa mchakamchaka. Karibu kabisa huingii, isipokuwa wale wanaolipia ziara maalumu kabla au baada ya saa za kawaida, na hilo sina ugomvi nalo, mawe lazima yalindwe.

Ugomvi wangu uko kwenye maelezo. Mwongozaji alitwambia kwa kujiamini kabisa kwamba Stonehenge ilijengwa na Druidi, wale makuhani wa Waselti. Wakuu, yale mawe makubwa yalisimamishwa miaka kama 2500 kabla ya Kristo. Druidi wanaanza kutajwa karibu miaka elfu mbili baadaye. Na kulikuwa na mengi ya kweli ya kusema, mazuri kuliko huo uongo! Yale makubwa yana wastani wa tani 25. Yale madogo ya kibuluu yalitolewa vilima vya Preseli huko Wales, zaidi ya kilomita 200. Na mwaka 2024 wanajiolojia wakatangaza kwamba jiwe lililolala katikati, la tani 6, asili yake ni kaskazini-mashariki mwa Scotland, zaidi ya kilomita 700. Kabla ya gurudumu kufika huko! Mwaka 1915 mahali pote pale paliuzwa mnadani, akanunua bwana mmoja aitwaye Cecil Chubb kwa pauni 6,600, na miaka mitatu baadaye akalikabidhi taifa. Mimi kijana wa Same nayajua haya kwa kusoma tu, na mwenye kibarua chake hayajui. Mwenzangu ndiye aliyekuwa anawaeleza wale mama wa Brazili waliokaa nyuma yetu, wakatuuliza kama na sisi ni wafanyakazi wa basi.

Bath tulifika tumechelewa, kisha tukatangaziwa kwamba muda umepunguzwa ili dereva asipitilize saa zake za kazi. Sheria ya saa za dereva naiheshimu, ila ni ya kuiweka kwenye mpango kabla hujauza tiketi. Mji ni mzuri kupita maelezo, wote umejengwa kwa jiwe la rangi ya asali. Mabafu ya Warumi, ambayo ndiyo yameupa mji jina, yana chemchemi ya nyuzi 46 inayotoa maji zaidi ya lita milioni moja kila siku. Tuliyasoma kwenye kibao. Kuingia, kutazama na kurudi kwenye basi kusingewezekana, na kiingilio chake unalipa mwenyewe. Tulichofaidi ni uso wa kanisa kubwa jirani yake, ambapo wamechonga malaika wanapanda ngazi za mawe kwenda mbinguni, na wengine wanashuka kichwa chini. Jamaa akasema hao wa kichwa chini ni abiria wa kampuni yetu.

Kurudi London ni foleni ya barabara kuu ya M4. Nilivumilia. Kabla ya kushuka, mwongozaji akapitisha kikapu cha tipu!

Siku chache baadaye tukaamua kujiendesha wenyewe. Kuna kadi ya treni ya watu wawili, Two Together, ina picha zenu wote, inapunguza theluthi moja ya nauli mkisafiri pamoja, ila Jumatatu mpaka Ijumaa haifanyi kazi kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Tulipanda stesheni ya Waterloo, London, mpaka Salisbury, tukaona kanisa lenye mnara wa mita 123, mrefu kuliko minara yote ya makanisa Uingereza, na humo ndani nakala halisi ya Magna Carta ya 1215, ule mkataba wa kumbana mfalme kwa sheria, moja kati ya nne zilizobaki duniani. Hakuna aliyetuhimiza na saa mkononi. Windsor nako kuna treni ya moja kwa moja kutoka hapohapo Waterloo. Tulitaka kurudi Alhamisi, ila Alhamisi ndiyo siku ya ndege ya mwenzangu. Kaburi hakuliona.

Haya, malalamiko rasmi. Nimeandika barua pepe na kuambatanisha tangazo lao, kalenda yao na ratiba ya kasri. Wamejibu kwamba kwa mujibu wa vigezo na masharti ratiba inaweza kubadilika kwa sababu zilizo nje ya uwezo wao. Nje ya uwezo gani? Jumanne inakuja kila wiki! Nimewajibu kwa sheria yao wenyewe, ile ya haki za walaji ya 2015, inayosema maelezo uliyompa mteja akayategemea kuamua kununua yanahesabiwa kuwa sehemu ya mkataba. Baada ya hapo wakaja na ofa: punguzo la asilimia kumi kwenye safari yetu ijayo tukisafiri nao. Yaani nipande ndege kutoka uwanja wa KIA hapa Kilimanjaro nikafaidi asilimia kumi.

Nimekataa kwa maandishi, na nimefungua madai benki kwangu ili muamala urudishwe. Wamechukua vielelezo vyote.

Mwenye uzoefu wa kurudishiwa pesa ya huduma ya nje kupitia benki za hapa anisaidie: ilichukua muda gani, na walidai karatasi gani za ziada? Na kama kuna aliyepandishwa basi la namna hii Jumanne au Jumatano, aweke hapa majibu aliyopewa, niyaambatanishe. Jina la kampuni silitaji mpaka benki watoe uamuzi, kwa hiyo msinijazie inboksi kuniuliza.