Naomba ushauri: goti limeharibika baada ya upasuaji, na Ijumaa natakiwa kusaini karatasi ya hospitali

Winga_wa_Kulia: Wakuu, salamu. Nina umri wa miaka 26, na kabla ya upasuaji nilikuwa winga katika Ligi ya Championship hapa Tanzania. Miaka 2 na miezi 7 iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa kano ya mbele ya goti katika hospitali binafsi jijini Dar es Salaam, na tangu siku hiyo goti halinyooki vizuri wala maumivu hayajaniacha. Kipimo cha MRI nilichopiga kwingine baadaye kilionyesha kwamba gegedu la ndani ya goti lilichanika na halikushonwa, ingawa mchaniko huo unaonekana hata katika picha za kabla ya upasuaji. Klabu haikuniongezea mkataba. Je, naweza kudai fidia?

Muuguzi_Temeke: Pole sana, mdogo wangu. Nimefanya kazi wodi ya mifupa kwa miaka mingi, na nakuomba usimhukumu daktari kabla hujamsikiliza, kwa sababu goti linaweza kukakamaa hata pale kila kitu kilipofanywa sawasawa. Rudi kwake uzungumze naye kwa utulivu.

Mzee_wa_Morogoro: Umenikumbusha goti langu, mwanangu. Niliumia mwaka 1994, na kwa kuwa sikuwa na fedha za hospitali, mzee mmoja alinikanda kwa mafuta na majani ya moto kwa miezi 2. Mpira wangu uliishia hapo, nikiwa na miaka 23. Nilifungua duka la vipuri vya baiskeli, nalo ndilo lililosomesha watoto wangu. Tafuta kazi nyingine mapema.

Wakili_Kijana: Ndugu, turudi kwenye swali. Kwa Sheria ya Ukomo, dai la uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, hivyo umebakiwa na miezi 5 tu. Utalazimika kuthibitisha kwamba daktari alishuka chini ya kiwango cha daktari mwenye ujuzi wa kawaida katika fani hiyo, na pia kwamba kosa hilo, wala si jambo jingine, ndilo lililokuharibia goti. Na bila bingwa mwingine wa mifupa atakayekubali kutoa ushahidi, kesi za namna hii hukwama. Baraza la Madaktari Tanganyika linaweza kumchunguza daktari na kumchukulia hatua za nidhamu, lakini fidia utaitafuta mahakamani. Sasa tueleze: karatasi hiyo inasema nini, na ulirudi uwanjani lini?

Winga_wa_Kulia: Hospitali itanilipa shilingi milioni 8 bila kukiri kosa, nami nisidai tena popote. Kuhusu uwanja, nilifanya mazoezi mepesi tu.

Wakili_Kijana: Mepesi kiasi gani?

Winga_wa_Kulia: Mwezi wa 5 baada ya upasuaji nilicheza mechi moja ya ndondo kwa dakika 60, ingawa mtaalamu wa viungo alikuwa amenikataza. Mshahara ulikuwa umesimama na mama alikuwa anadaiwa kodi ya nyumba. Lakini goti liliuma kabla ya mechi hiyo, na nilikuwa nikimweleza mtaalamu huyo kila wiki. Milioni 8 zinanitosha. Kaka yangu ameshaanza kunitafutia bodaboda.

Mpenda_Ukweli: Mimi nina mashaka na kisa hiki. Chris Maragos, mchezaji wa Philadelphia Eagles, timu ya mpira wa Kimarekani, aliumia goti mwaka 2017, akafanyiwa upasuaji wa kano, gegedu lililochanika likaachwa, na mwaka 2023 jopo la mahakama huko Philadelphia likaamua alipwe dola milioni 43.5. Mwenzetu amekihamishia Dar es Salaam, na tarehe ya ndondo ameificha mpaka alipobanwa.

Mzee_wa_Morogoro: Hata mimi sasa nimeanza kusita.

Muuguzi_Temeke: Hapana, kaka. Kano ya mbele inapokatika, mara nyingi gegedu nalo huchanika. Tumewaona wengi wa namna hiyo wodini. Kwa kawaida mchezaji hukaa nje miezi 9 au zaidi, kwa hiyo ndondo ya mwezi wa 5 lilikuwa kosa kubwa, lakini gegedu linaloonekana limechanika kabla ya upasuaji halikuchanwa na ndondo.

Winga_wa_Kulia: Simfahamu mchezaji huyo. Niliificha mechi kwa aibu, kwa sababu hata mama hajui kwamba nilicheza.

Wakili_Kijana: Hospitali itaitumia mechi hiyo, na huenda ikapunguza fidia yako, lakini maelezo ya mtaalamu wa viungo ya kabla ya siku ile yana thamani kubwa kuliko karatasi ya Ijumaa. Ukisaini, mlango utafungwa. Omba kwa barua nakala ya jalada lako lote, ikiwemo fomu ya ridhaa na picha zote za MRI.

Winga_wa_Kulia: Nimetoka huko sasa hivi. Sikusaini, ila wameniambia jalada linatafutwa, nirudi Jumatatu.

Wakili_Kijana: Jumatatu nenda na barua mbili, wakugongee muhuri wa kupokea kwenye moja, na urudi nayo nyumbani.