Binti kapimwa meno England, kapewa daraja la 3. Ndiyo basi, au kuna njia?

MamaZai
Habari za jioni wapendwa. Naomba msaada kwa waliopitia habari ya vyuma vya meno vya watoto hapa England, maana mimi nimechoka.

Binti yangu ana miaka 12. Meno yake ya juu ya mbele yametangulia, na akijisahau kidogo, tuseme anaangalia simu, midomo haifumbi. Meno mawili yanabaki nje yanapigwa upepo. Daktari wetu wa meno alituandikia rufaa kwa mtaalamu wa kunyoosha meno kupitia NHS, yaani huduma ya afya ya serikali. Tukasubiri miezi 7. Siku ilipofika, shughuli yenyewe haikufika robo saa. Mtaalamu akachukua rula ndogo ya plastiki, nyembamba, akailaza juu ya meno ya chini, akamwambia msaidizi wake "tano". Halafu akatoa kadi yenye picha 10 za meno, kuanzia yaliyopangika hadi yaliyovurugika. Akamtazama binti, akatazama kadi, akasema tena "tano".

Mimi kusikia tano mara mbili nikafurahi, nikajua tumefaulu. Kumbe wapi! Milimita 5, picha ya 5, daraja la 3, NHS hailipii. Angelinganishwa na picha ya 6 angelipiwa. Picha moja tu imetukosesha.

Tukitoka, mapokezi wananikabidhi karatasi ya bei kwa atakayelipa mwenyewe: £3,200. Kianzio £400, kinachobaki miezi 24, karibu £117 kila mwezi. Kiti kilekile, mtaalamu yuleyule. Hapo ndipo paliponiuma.

Sasa naulizeni: kuna kupimwa upya? Na nyie mliopata bure, ilikuwa bure kweli?

Mzee_wa_Kona
Meno si ugonjwa. Zamani nani alivaa vyuma? Mwacheni mtoto asome.

MamaZai
Mzee wangu shikamoo. Ingekuwa mwanya ningemwachia, ungempamba. Huyu anaziba mdomo kwa kiganja akicheka, na amejifunza kucheka bila sauti. Hilo nalo naliona kila siku mezani.

NesiWaKiti
Pole sana dada. Mimi ni nesi wa kliniki ya meno, rula kama hiyo naiosha kila siku, kwa hiyo acha nikueleze ilivyo.

Kipimo hicho kinaitwa IOTN. Walikitoa Brook na Shaw mwaka 1989, wakianzia kwenye kipimo cha Wasweden. Kina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya afya ya meno, daraja 1 hadi 5, na haiangalii wastani wa mdomo mzima. Inatafuta kasoro moja iliyo mbaya kuliko zote, hiyo ndiyo inayotoa daraja. Meno ya juu yakitangulia zaidi ya milimita 6 ni daraja la 4, zaidi ya 9 ni la 5. Binti yako ana 5 na midomo haifumbi yenyewe, ndiyo maana akapata 3. Lau midomo ingefumba angepewa 2, na hapo hata kadi ya picha isingetolewa mfukoni.

Sehemu ya pili ndiyo hizo picha 10, na kazi yake kubwa ni kwa watoto wa daraja la 3. Wa 4 na 5 wanapita bila kuulizwa wanaonekanaje. Wa 3 lazima afike picha ya 6. Nakubaliana nawe kuwa ni mstari mkali. Milimita inapimika, lakini picha ni jicho la mtu, na nimeshuhudia wataalamu wawili wakitofautiana namba moja kwa mtoto yuleyule.

Swali ambalo ningeuliza mimi: mmepiga eksirei? Miaka 12 ndio umri wa chonge za juu kushuka. Chonge ikikwama ndani ya mfupa inaweza kumpeleka mtoto daraja la 5 hata kama meno yanayoonekana hayatishi. Mwambie daktari wenu wa kawaida apapase ufizi juu ya meno ya utoto yaliyobaki, asikie kama kuna uvimbe wa chonge pande zote mbili. Na uliza kama kuna jino ambalo halikuota kabisa, hilo nalo linahesabika.

Kupimwa upya kupo. Daktari wenu anaweza kuandika rufaa nyingine mdomo ukibadilika, mradi mtoto apokelewe kabla hajatimiza 18. Ila meno yawe safi. Mtoto mwenye ufizi unaovuja damu au meno yaliyotoboka hafungwi vyuma, alipiwe na NHS au na mjomba wake.

Halafu kitu ambacho huenda hawakukuambia: meno yaliyotangulia na midomo isiyofumba huvunjika kirahisi mtoto akianguka. Kama anacheza mpira au hoki, mtengenezee kinga ya mdomo sasa hivi, usisubiri uamuzi wa vyuma.

BibiKibeti
Usidhani ni England tu. Mimi niko Ujerumani, huku kipimo chao wanakiita KIG, kimeanza 2002, nacho kina madaraja 5. Bima ya umma inalipia 3 kwenda juu, lakini 3 yao si 3 yenu. Meno yaliyotangulia milimita 5 huku ni daraja la 2, kwa hiyo binti yako angerudishwa nyumbani vilevile.

Tofauti iko kwenye kulipa. Hata ukikubaliwa unatanguliza asilimia 20 ya gharama, na ukiwa na mtoto wa pili kwenye matibabu wakati huohuo unatoa 10 kwa huyo wa pili. Matibabu yakimalizika kama yalivyopangwa, bima inakurudishia zote. Mtoto akiacha katikati, hela imekwenda. Nakwambia sijawahi kuona kijana wa miaka 14 anayesimamiwa kupiga mswaki kama wangu.

BabaPacha
MamaZai, umeuliza kama bure ni bure. Wangu alipata daraja la 4, vyuma hatukulipia hata senti. Lakini hesabu safari: kila wiki 6 hadi 8, kwa miezi 20, na wao wanafungua saa za shule. Mimi ni wa zamu, kila miadi naomba ruhusa bila malipo. Juu yake kuna siku za dharura, kidude kimebanduka, waya unachoma shavu.

Kubwa kuliko yote ni ritena, ile plastiki ya kuvaa usiku baada ya vyuma kutoka. Usiku wa tatu nikasema nimsaidie mtoto kuua vijidudu. Nikaiweka kwenye kikombe, nikamimina maji ya birika yaliyochemka. Nikasimama pale naiangalia ikijikunja kama jani kwenye moto. Ya kubadilisha iliyopotea au kuharibika ina ada yake hata kwa mtoto: asilimia 30 ya ada ya daraja la 3 la NHS (hili ni daraja la malipo, usichanganye na lile la binti). Nililipa kimya kimya, mama yao hajajua mpaka leo.

Kwa hiyo ukiamua kulipa mwenyewe, soma hiyo karatasi mpaka chini. Ritena zimo ndani ya £3,200? Za pande zote mbili? Na baada ya mwaka mmoja ukihitaji nyingine?

MamaZai
Nimerudi, wiki tatu zimepita. NesiWaKiti Mungu akubariki, daktari alipapasa, upande wa kushoto hakuridhika, akapiga eksirei. Chonge zote mbili zipo na zinashuka njia yake. Nimefurahi na nimekasirika kwa pamoja, sijui kama mnanielewa. Tumebaki na 3 yetu. Amesema atampima tena baada ya mwaka, na kinga ya mdomo ameshachukuliwa vipimo.

BabaPacha, nilipiga simu kuuliza. Ritena zimo, jozi moja. Ikipotea ni £140 kwa kila upande, na hilo halikuandikwa popote kwenye karatasi. Nimewaambia wanitumie kwa barua pepe kabla sijalipa kianzio chochote.

Binti mwenyewe nimemuuliza kama anataka tusubiri huo mwaka au tuanze. Kaniuliza, "Mama, tukisubiri yakazidi kutokeza ndiyo watalipa?" Nimekosa la kumjibu.

BabaPacha
Mwambie asiyasukume kwa ulimi. Wangu alijaribu.