Wanaoishi jirani na mtambo wa umeme wapewe umeme kwanza?

Wadau, naomba tuijadili hoja hii: sheria iseme kwamba hakuna mtambo utakaoruhusiwa kupeleka umeme mbali kabla wanaouzunguka hawajaunganishiwa. Mimi naiunga mkono, na sababu zangu nazitoa kwenye historia ya mitambo yenyewe.

Mwanzoni mtambo na mtumiaji walikuwa majirani. Kituo cha umeme cha mvumbuzi Thomas Edison cha Pearl Street, New York, kilichowashwa Septemba 1882, kilitumia mkondo mnyoofu (umeme unaotiririka upande mmoja tu) wa volti ndogo, ambao haukufika mbali bila kupotea njiani. Aliyepata mwanga ndiye pia aliyevuta moshi wa makaa. Kisha mwaka 1891, Ujerumani, mkondo geu (umeme unaogeuza mwelekeo mara kwa mara, ambao volti yake ni rahisi kupandishwa ili usafiri mbali) ukasafirishwa kutoka Lauffen hadi Frankfurt, kilomita 175, na mwaka 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ukafika mji wa Buffalo. Kuanzia hapo ikawezekana mmoja abaki na bwawa na moshi, mwingine apate taa.

Na ndivyo ilivyokuwa. Bwawa la Kariba, kwenye mto Zambezi, liliwahamisha Watonga wapatao 57,000 mwishoni mwa miaka ya 1950. Umeme ukaenda migodini na mijini, wao wakakaa gizani miaka mingi. Kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, Japani, kilizalisha umeme kwa ajili ya Tokyo na maeneo yake, zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo. Mkoa wa Fukushima wenyewe ulihudumiwa na kampuni nyingine. Ajali ya Machi 2011 ilipotokea, waliokimbia makwao ni watu wa Fukushima.

Linganisheni na Battersea, mtambo wa makaa uliojengwa ndani ya London miaka ya 1930. Wakazi walilalamikia moshi, wakasikilizwa: ukawekewa vifaa vya kuosha gesi ya salfa kabla haijatoka kwenye dohani. Utaalamu haukukosekana pale walipoishi wenye sauti. Kwangu hili ndilo zito kuliko yote.

Wengine watasema maji hayachagui pa kuporomokea, jotoardhi haihamishiki, na ni afadhali moshi uwe mbali na mamilioni ya watu. Kweli kabisa. Lakini asili huchagua mahali pa mtambo tu. Nani aunganishiwe huamuliwa na watu, kwa kalamu. Gharama ya kuvuta laini hadi vijiji vya jirani ihesabiwe ndani ya bajeti ya mradi tangu mwanzo, pamoja na saruji na mashine.

Penye ugumu ni katikati ya njia. Laini ya kutoka bwawa la Inga hadi Shaba (Katanga), huko Kongo, ina urefu wa kilomita 1,700 hivi na hubeba mkondo mnyoofu, ila huu ni wa volti kubwa, ndiyo maana hufika mbali. Kuuchota njiani kunahitaji kituo cha kuubadilisha uwe mkondo geu, na hicho ni ghali mno, ndiyo maana ilipita juu ya vijiji vingi bila kuviachia chochote. Vijiji hivyo mimi ningevipa mitambo midogo ya jua au ya maji, na gharama yake iongezwe kidogo kwenye bei ya kila uniti anayonunua mtumiaji wa mbali. Anayeona ni kumwonea huyo wa mbali, aseme nani mwingine alipe.